Mgongo Wako Si Kioo: Kukaa na Kusimama Kwenye Kikapu cha Vyuo Marekani

Mechi yangu ya kwanza ya kikapu cha chuo hapa Marekani niliitazama nikiwa wima karibu kipindi chote cha kwanza, mpaka nikaguswa bega.

Ilikuwa Januari, hapa Indiana, baridi ile ya kukata masikio. Tiketi nilipewa na mtu wa kazini ambaye siku hiyo hakuweza kwenda. Sasa mimi ni mtoto wa Temeke. Uwanja ninaoujua ni wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, tena mzunguko, ambako ukikaa umejinyima mwenyewe. Kikapu nacho nilikizoea pale Don Bosco Upanga, unasimama pembeni ya mstari mpaka mchezaji anakukanyaga akifukuzia mpira. Kwa hiyo kila kikapu kilipoingia niliruka, na kila filimbi ilipolia niliinuka na mikono juu kumlalamikia refa. Nikawa najiona shabiki kweli kweli.

Aliyenigusa bega alikuwa mzee wa safu ya nyuma yangu, kofia yake ya timu imepauka hadi nembo haisomeki. Alisubiri mchezo usimame kwanza. Hilo nililikumbuka baadaye nikiwa njiani kurudi nyumbani. Akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikamwambia ndiyo. Akanionyesha mkewe, bibi aliyejifunika blanketi magotini, akasema goti lake limefanyiwa upasuaji na hawezi kuinuka-inuka, kwa hiyo tangu mechi ianze anaitazama kwenye ile skrini inayoning'inia juu katikati ya ukumbi.

"Tufanye hivi, kijana," akaniambia. "Nikisimama mimi, na wewe simama."

Aibu niliyoipata hapo siwezi kuieleza. Lakini mkataba ule ndio ulionifundisha kikapu cha vyuo. Msimu uliofuata yule wa kazini alihama mji akaniuzia viti vyake viwili vya msimu mzima, na mimi nikawa namtazama mzee kwa jicho la pembeni kama mtoto anayejifunza kuswali kwa kumwangalia babake. Akiinuka, nami naye. Akikaa, nakaa.

Tangu hapo vijana wetu wanaofika kusoma huniuliza: kaka, huko kwenye kikapu watu wanasimama au wanakaa? Jibu ni kwamba inategemea umekaa upande gani. Ukumbi mmoja, mechi moja, lakini ndani yake kuna nchi mbili.

Nchi ya kwanza ni ya wanafunzi. Jukwaa lao mara nyingi liko nyuma ya goli au ubavuni mwa uwanja, karibu kabisa na wachezaji, na huko watu husimama tangu mwanzo hadi mwisho. Kiti au benchi ni mahali pa kuwekea koti. Chuo Kikuu cha Duke, kule North Carolina, kina ukumbi wa mwaka 1940 unaoingiza watu 9,314 tu, na wanafunzi wake wamejipanga pembeni mwa mstari kiasi kwamba mchezaji wa timu ngeni anayerusha mpira kutoka nje anapuliziwa pumzi shingoni. Wanalala kwenye mahema nje, wiki kadhaa kwenye baridi, kugombea nafasi ya mechi kubwa. Mtu aliyelala hemani Februari huwezi kumwambia akae chini kwa sababu huoni. Ukinunua tiketi ya upande huo, au rafiki yako mwanafunzi akikuingiza, umekubali kusimama saa mbili na kurudi nyumbani huna sauti. Vaa viatu vya raba.

Nchi ya pili ni ya wenye tiketi za msimu: wazee waliosoma hapo zamani, familia zenye watoto, watu ambao kiti hicho wamekikalia miaka ishirini na wanajuana majina ya wajukuu. Huko watu hukaa, ila huinuka kwa wakati wake. Wakati huo ndio wageni hatuujui, na hakuna anayekuandikia ukutani.

Kosa la nchi ya kwanza nililifanyia mama yangu mzazi. Alikuja kutoka Tanga kunitembelea, na mimi nikataka kumwonyesha raha. Viti vyangu siku hiyo nilikuwa nimeshawapa watu, nikasema haidhuru, kijana mmoja wa chuoni atatupatia nafasi kwa wanafunzi, tena karibu na uwanja! Mama ana miaka sitini na ushee na urefu wake unanifika kifuani. Tulipoingia akasalimia watu, akakunja kanga yake, akaketi. Mpira ukarushwa, jukwaa zima likasimama, na halikukaa tena. Nilijaribu kumnyanyua, akasimama dakika tano, kiuno kikamkataa, akaketi tena. Kipindi cha kwanza kilipokwisha nikainama kumuuliza anaonaje.

"Mwanangu," akasema, "nauli yote hii umenilipia nije kutazama suruali za watoto wa watu?"

Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi mtandaoni, fungua ramani ya ukumbi uone jukwaa la wanafunzi liko wapi, kisha umfikirie unayekwenda naye. Mzee, mjamzito, mtoto mdogo: kaa nao mbali na wanafunzi, na hata zile safu zinazotazamana na migongo yao uziepuke. Na kama wewe mwenyewe huwezi kukaa, damu inachemka, nunua safu ya mwisho kabisa ya juu, mgongo uguse ukuta. Hapo simama mpaka taa zizimwe. Ni viti vya bei rahisi na sijui kwa nini watu wanavidharau.

Sasa, nyakati za kusimama kwa wale wa nchi ya pili. Mwanzo wa mechi kumbi nyingi husimama wote na kupiga makofi ya pamoja mpaka timu mwenyeji ipate kikapu chake cha kwanza. Siku nyingine kinakuja baada ya sekunde kumi, siku nyingine wachezaji wamepata kigugumizi cha mikono na mnapiga makofi dakika tatu hadi viganja vinawaka. Ukikaa kabla ya kikapu hicho utatazamwa. Mchezaji wa nyumbani akiruka akaupigilia mpira golini, simama, piga kelele, kaa. Timu yenu ikifunga mfululizo hadi kocha wa wageni akalazimika kuomba muda, ukumbi huinuka wenyewe, hata bibi wa blanketi nilimwona siku moja anajaribu. Na dakika mbili za mwisho, kama tofauti ni pointi chache, kila mtu yuko juu na hakuna kudaiana.

Mechi ikiingia muda wa nyongeza, ndiyo kabisa. Sisi Watanzania wengi tulianza kukifuata kikapu cha vyuo kwa ajili ya Hasheem Thabeet, aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili kwenda NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009. Machi 12 mwaka huo timu yake ilikutana na Chuo Kikuu cha Syracuse ukumbi wa Madison Square Garden, New York, wakaongezewa muda mara sita, mechi ikaisha saa saba usiku imepita, Syracuse 127, Connecticut 117. Usiku wa namna hiyo anayekwambia "kaa chini" ndiye mwenye makosa.

Nje ya nyakati hizo, mzee wangu ana kipimo chake: ukijikuta umesimama na wa mbele yako wamekaa, na wa nyuma yako wamekaa, basi uko peke yako. Geuka nyuma kidogo uone nyuso. Wenzetu hawa hawakupigii kelele kama pale Mkapa, "kaa chini wewe, mgongo wako si kioo!" Watakuvumilia nusu saa wameuma meno, kisha watakwenda kumwita mhudumu mwenye koti la njano. Kuna faida katika ile kelele yetu, nawaambia; angalau unajua umekosa.

Na ukiwa wewe ndiye uliyezibwa? Fanya alivyofanya mzee. Usimguse mtu mpira ukiwa unachezwa. Subiri mchezo usimame, inama, mwambie sababu, na umwombe kitu anachoweza kukifanya. Ukimwamuru "kaa", atasimama kwa ukaidi. Ukimpa mkataba, atakuwa anageuka kukutazama kila dakika kama nilivyokuwa mimi. Lakini kama aliye mbele yako amesimama kwa kuwa safu kumi mbele yake zimesimama, humdai kitu. Simama tu.

Wenye viti vya magurudumu wana nafasi zao, na viwango vya ujenzi vinavyotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu vinataka waweze kuona hata watu wa mbele wakisimama. Kumbi nyingi za kikapu lakini ni za zamani, zilijengwa kabla sheria hiyo haijafikiriwa. Kwa hiyo ukiona mwanya mpana mbele ya nafasi hizo, usijibanze hapo kupiga picha.

Kutoka na kuingia: chooni na kwenye bisi usiende mpira unapochezwa. Mechi ya wanaume ni vipindi viwili vya dakika 20, saa inahesabu kurudi nyuma, na katika kila kipindi kuna mapumziko ya matangazo ya televisheni, mchezo unaposimama kwa mara ya kwanza baada ya saa kushuka chini ya dakika 16, 12, 8 na 4. Ukilijua hilo huna haja ya kumkanyaga mtu miguu. Ukikawia kurudi, subiri juu ya ngazi mpaka filimbi. Wanawake wanacheza robo nne za dakika 10, na kama hujawahi kuwatazama unakosa mengi.

Kelele nazo zina ratiba. Wageni wakiwa na mpira, piga kelele. Timu yenu ikiwa na mpira, punguza, wachezaji wasikilizane. Ila kwenye mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo, ndipo sisi tunapoumbuka. Mgeni akisimama mstarini kurusha, kelele zote zinaruhusiwa: wanafunzi nyuma ya goli wanapunga mikono, wanainua picha za vichwa vikubwa, wanakata viuno. Kule Chuo Kikuu cha Arizona State tangu mwaka 2013 wana pazia wanalolifungua ghafla kumtoa mtu akili. Mwaka 2016 alitokea nyuma yake Michael Phelps, muogeleaji, amevaa chupi ya kuogelea na medali shingoni. Lakini anayerusha akiwa wa kwenu, ukumbi mzima unanyamaza kama matangani. Watu elfu kumi na tano, unasikia mpira unavyodunda. Sisi tuliozoea kumwimbia mpiga penalti wetu tunaona kama msiba.

Matusi acha. Mkejeli mchezaji kwa mtupo ulioenda hewani bila kugusa hata nyavu, hilo ni halali na lina wimbo wake. Mama yake, rangi yake, jeraha lake, hapana. Ni mtoto wa miaka kumi na tisa huyo, ana mtihani Jumatatu. Na ukirusha kitu uwanjani, timu yako mwenyewe inaweza kuadhibiwa. Sisemi wenyeji ni malaika: hapa hapa Indiana, Februari 1985, kocha Bob Knight wa Chuo Kikuu cha Indiana alirusha kiti uwanjani katikati ya mechi, na wazee wa safu yangu wanakisimulia hadi leo huku wanacheka.

Kuvamia uwanja mkishinda mimi sikushauri. Januari 2024 mchezaji Caitlin Clark wa Chuo Kikuu cha Iowa alipigwa kikumbo na shabiki aliyekuwa anakimbilia uwanjani kule Ohio State, na mwezi uliofuata Kyle Filipowski wa Duke akaumizwa goti namna hiyo hiyo kule Wake Forest. Furahia pale pale ulipo.

Mama nilimrudisha ukumbini wiki ya pili, safari hii kwenye viti vyangu, mzee na mkewe nyuma yetu. Bibi akamgawia blanketi. Lugha hawakuwa nayo ya pamoja, lakini walionyeshana magoti, wakaelewana. Nilimweleza mama kila kitu: tutasimama mzee akisimama, tutakaa akikaa. Mama akafuata barabara. Kuhusu mitupo huru nilisahau kumwambia.

Zimebaki sekunde thelathini, tuko nyuma kwa pointi moja, kijana wetu amefanyiwa faulo, ana mitupo miwili. Ukumbi wote wima, kimya. Wa kwanza ukaingia, tukasawazisha. Makofi mafupi, kimya tena. Kijana akadunda mpira mara tatu, akavuta pumzi, akainua mikono, na pembeni yangu mama akaachia kigelegele kirefu, kile cha harusini, cha mama wa bwana harusi.

Mpira uligonga chuma ukatoka nje.

Watu walitugeukia, safu mbele, safu nyuma. Nikataka kujificha chini ya kiti. Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na mkewe amezika uso kwenye blanketi, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mama akawatazama wote mmoja mmoja, akajifunga kanga vizuri, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Kwani niliyerusha ni mimi?"