Maswali na Majibu: Mara ya Kwanza Kuvua Samoni Mtoni

Wiki hii nawajibu wanaoanza. Maswali yalikuwa mengi na yalifanana, nimechukua machache.

Chambo gani ni bora kwa samoni?

Swali hili haliishi kuja, na kila mara muulizaji hataji mto, msimu wala aina ya samoni. Nitamsaidiaje? Samoni akishaingia mtoni kutoka baharini huacha kula, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Anaposhika ndoano si njaa inayomtuma, ndiyo maana kubadilisha chambo kila baada ya dakika tano ni kujichosha bure. Chambo kimoja kinachopita polepole mbele ya samaki, kwenye kina chake, kinashinda sanduku zima la rangi. Maji yakiwa baridi au ya tope, funga kikubwa na kizito. Yakiwa maangavu na ya kiangazi, funga kidogo. Na uhakikishe mto wako unaruhusu chambo hicho, kwa maana kuna mito iliyopiga marufuku minyoo na kamba wa baharini.

Mto ni mpana. Nianzie wapi?

Anzia ukingoni, miguu ikiwa bado mikavu. Wageni wengi huingia hadi kiunoni na kurusha mshipi mbali, kumbe samaki alikuwa amepumzika pale pale walipokanyaga. Tafuta mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji tulivu. Tafuta pia mwisho wa kidimbwi, pale kina kinapopungua kabla mto haujaporomoka tena. Jiwe lililozama utalijua kwa uvimbe mdogo juu ya maji na mikunjo inayoufuata. Jiwe lenyewe liko kabla kidogo ya mikunjo hiyo, upande maji yanakotoka, na samoni hupenda kutulia mbele yake au nyuma yake.

Kwa chambo bandia cha manyoya, rusha kuvuka mto ukielekeza kidogo upande maji yanakokwenda, kisha acha mkondo ukizungushe mpaka kifike upande wa chini wa mto, usawa wako. Piga hatua moja au mbili kushuka, rusha tena. Ukikuta wenzako wanavua, ingia nyuma yao, upande maji yanakotoka, usiwakatie njia. Mshipi ukikaza, usikurupuke kuvuta! Mwache samaki ageuke nao, ndipo uinue fimbo.

Wanaruka mbele yangu lakini hawashiki.

Samoni anayeruka si lazima awe anayeshika. Endelea kurusha.

Nikivua saa moja tu, bado nahitaji kibali?

Ndiyo, hata kwa mrusho mmoja. Uskoti hakuna leseni ya serikali kwa mwenye fimbo, lakini bila ruhusa ya mwenye haki ya uvuvi umevunja sheria, na Jumapili samoni havuliwi kabisa. Norway unalipa ada ya taifa na kununua kadi ya mto wenyewe. Mito mingi pia hudai zana zitakaswe, kwa sababu ya kimelea kinachoua samoni, kiitwacho Gyrodactylus salaris. Usitegemee ulichosoma mwaka jana. Juni 2024 Norway ilifunga mito 33 msimu ukiwa umeshaanza, kwa kuwa samoni waliorudi walikuwa wachache mno.

Sheria inataka nimwachilie. Nipigeje picha nzuri?

Natamani ungeuliza jinsi ya kumwachilia akiwa na nguvu. Mwaka 2023 IUCN, shirika la kimataifa linaloorodhesha viumbe walio hatarini kutoweka, lilimpandisha samoni wa Atlantiki hadi daraja la walio karibu kuwa hatarini. Jike mmoja hubeba maelfu ya mayai, na wewe unamlaza juu ya mawe makavu ukitafuta simu mfukoni!

Kazi inaanzia nyumbani: kandamiza kwa koleo kile kijino cha ndoano kinachoizuia kuchomoka. Mtoni, tumia wavu laini usio na mafundo na umbakize samaki ndani ya maji. Lowesha mikono, maana mikono mikavu humvua ute unaomkinga na maradhi. Usiguse matamvua, usimning'inize kwa mkia. Mwenye kamera awe tayari kwanza, ndipo umwinue sekunde chache huku maji yakimtiririka. Kisha muelekeze kichwa kwenye mkondo, umshikilie tumboni na kwenye shina la mkia mpaka aondoke mwenyewe. Maji yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi, usivue kabisa. Samaki uliyemwachilia anaweza kufa usipomwona.

Ni salama kuingia majini?

Kwa suruali ya mpira, funga mkanda kiunoni, shika mkongojo, usivuke pale usipoona chini. Majira ya vuli na baridi, ukiona doa la kokoto safi kati ya mawe meusi, lenye shimo upande wa juu na tuta upande wa chini, lizunguke. Hapo chini kuna mayai.

Nimekuta samoni wengi wamekufa ukingoni. Je, ni sumu?

Kama ni mto unaoingia Pasifiki, yaelekea si sumu: samoni wa huko hufa baada ya kutaga. Wa Atlantiki baadhi hupona na kurudi baharini. Waache walipo, mizoga yao inarutubisha mto. Ila mfunge mbwa wako kamba: samoni mbichi wa magharibi mwa Amerika Kaskazini anaweza kuwa na kimelea chenye bakteria wanaoua mbwa. Akimla, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, usisubiri aanze kutapika.