Maswali ya wasomaji: Jamii iketi kabla mpango haujaandikwa

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya afya. Kila mwaka tunaitwa kikaoni, tunasomewa mpango ambao tayari umeshaandikwa, tunasaini mahudhurio, basi. Je, huo ndio ushirikishwaji wa jamii?

JIBU: Hapana, hapo mmetaarifiwa tu. Azimio la Alma-Ata la 1978, tamko la kimataifa kuhusu afya ya msingi, linasema wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kupanga kumetajwa kwanza. Karatasi ya mahudhurio haithibitishi lolote. Mmeshirikishwa pale kifungu cha bajeti kinapobadilika kwa sababu ya hoja yenu.

Kwa hiyo daini kalenda ya bajeti, kisha iteni kikao kabla rasimu haijapelekwa ngazi ya juu. Orodhesheni matatizo. Kila tatizo lipeni alama 1 hadi 3 (3 ndiyo ya juu) kwa kila moja ya maswali haya: linagusa watu wengi kiasi gani? Madhara yake ni makubwa kiasi gani? Je, kwa uwezo uliopo linaweza kupunguzwa? Halafu zidisheni alama, msijumlishe. Tatizo lenye 3, 3 na 1, na lenye 2, 2 na 3, yote yakijumlishwa yanapata 7. Yakizidishwa, la kwanza linapata 9 na la pili 12. Mpango wa mwaka mmoja unahitaji tofauti hiyo, maana fedha ziende panapoweza kuonekana nafuu.

Tatizo lililoshuka kwa alama msilitupe. Mara nyingi limeshuka kwa kuwa ufunguo wake uko nje ya idara ya afya: maji, barabara, chakula, elimu. Mwiteni ofisa wa maji kikaoni, na jina lake liandikwe kwenye muhtasari pamoja na alichoahidi na tarehe. Ushirikiano wa sekta usioandikwa namna hii hufia mlangoni.

Zoezi hili huharibiwa na wenye sauti kubwa. Wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na wanaoishi mbali na kituo watoe alama zao katika vikundi vyao kwanza. Msikimbilie wastani: pale ambapo wanawake wametoa 3 na wanaume 1, hapo ndipo pa kujadili.

SWALI: Wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii huishiwa ORS (chumvichumvi za kuongeza maji mwilini) na vidonge vya zinki, vyote vya kutibu kuhara, kila mara, ingawa maombi tunayatuma kwa wakati. Tunakosea wapi?

JIBU: Angalieni hesabu. Wengi huagiza kwa kufuata kiasi kilichotolewa mwezi uliopita, wakisahau kwamba kwa siku kadhaa stoo ilikuwa tupu. Ikiwa pakiti 40 zilitolewa ndani ya siku 20, na siku 10 zilizobaki hapakuwa na kitu, mahitaji ya mwezi si 40. Gawanya 40 kwa 20, zidisha kwa 30: ni 60. Ukiandika 40, upungufu wa mwezi huu unauzaa wa mwezi ujao.

Mkiletewa kila baada ya miezi 2 na mkataka akiba ya mwezi 1, kiwango cha juu cha kuwa nacho stoo ni 60 mara 3, yaani 180. Kama zimebaki 25, agizeni 155. Leja iwe na safu ya siku ambazo dawa haikuwepo. Bila safu hiyo hesabu yote ni ya kubahatisha.

Zinki ina hatari yake ya pekee. Hutumiwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Mhudumu akiona vidonge vinapungua, huanza kuvigawa nusunusu ili kila mtoto apate, na hapo hakuna anayemaliza dozi.

SWALI: Wahudumu hawa walipwe, au kazi yao ni ya kujitolea?

JIBU: Walipwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2018 unapendekeza malipo yanayolingana na ugumu wa kazi, saa na mafunzo, pamoja na makubaliano ya maandishi. Unaonya pia wasilipwe tu, au kwa sehemu kubwa, kwa motisha zinazotegemea utendaji uliopimwa, kama idadi ya kazi walizokamilisha. Onyo hilo ni la haki kabisa: kinachohesabiwa hufanywa mbiombio, na mgonjwa anayehitaji kutembelewa mara tano bila kuingia kwenye fomu yoyote huachwa.