Daftari la madeni nalo ni uzoefu

Wiki hii mmeuliza: kijana aliyemaliza chuo na hajawahi kuajiriwa aandike nini kwenye CV? Najibu kutoka Ngamiani, Tanga, ambako mwaka wa tisa huu nachapa kazi za watu kwenye steshenari.

Wengi hunipa flashi yenye CV ya rafiki na kuniambia, "Dada, badilisha jina tu." Kuna siku nilibadilisha jina la juu, kumbe kule chini, kwenye tamko, limebaki la mwenyewe. Kijana wa watu akaituma hivyo hivyo. Liliniuma sana, na tangu hapo kazi hiyo siifanyi.

Aandike alichokifanya, hata kama hakulipwa mshahara. Binti mmoja aliyesomea uhasibu alikuja na ukurasa mzima wa maneno ya kuazima: anajituma, ni mwaminifu, anapenda kujifunza. Nikamuuliza, tangu umalize chuo unashinda wapi, mwanangu? Akasema yuko na mama yake, wanauza dagaa na nazi kwa jumla. Daftari la wanaokopa anaandika nani? Yeye. Wako wangapi? Akahesabu, 40. Alikuwa ameona haya kulitaja! Tukaandika: "Nilitunza daftari la mauzo na madeni ya wateja 40 kwa miezi 14, na kufunga hesabu kila jioni." Hapo mwajiri anamwona mhasibu. Maneno ya mwanzo tuliyafuta yote.

Halafu asome tangazo. Tangu kazi za bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, zifike Chongoleani hapa Tanga, nimechapa maombi mengi, na mtu huyo huyo hutaka karatasi moja iombe ulinzi, stoo na udereva. Anayeomba udereva aanze na daraja la leseni na magari aliyoendesha. Shule ya msingi ikae chini, haina haraka.

Kwa kazi za serikali, Sekretarieti ya Ajira hutaka wadhamini watatu na vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Wadhamini hao aongee nao kwanza, na namba zao azijaribu, maana wengine wameshabadilisha laini.

Siku hizi kabla sijachapa namwambia mteja anisimulie kila mstari: ulifanyaje, wapi, na nani alikuona? Kwenye usaili ataulizwa hayo hayo. Mstari asioweza kuusimulia mbele yangu siuchapi.