Kaka anakwenda mpirani, mimi naulizwa nakimbilia nini

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, naishi Temeke. Nilianza kukimbia alfajiri nipunguze uzito. Vijana wa kijiweni wananipigia miluzi, mama anasema nitaota misuli kama mwanaume na shepu itaisha. Kaka yangu huenda mpirani kila jioni, haulizwi. Nimeacha. Je, mimi ni mvivu?"

Marahaba, mwanangu. Mvivu haamki alfajiri akavaa raba. Wewe umeachishwa.

Barua yako imeniuma zaidi hapo kwa kaka yako. Yeye saa kumi ikifika anabeba viatu, huyoo. Hakuna anayemuuliza kama ameosha vyombo. Wewe hujafunga hata kamba, kuna maji ya kuchota, kuna uwanja wa kufagia, kuna chai ya watu. Wasichana wengi hawashindwi na mazoezi, wanashindwa kupata saa moja iliyo yao. Kaa na mama, mwombe kwa adabu lakini bila kuzunguka: jioni tatu kwa wiki, vyombo aoshe kaka.

Misuli usiiogope. Homoni ya testosteroni, inayowajaza wanaume misuli, kwetu wanawake ni kidogo sana. Kukimbia mtaani hakutakugeuza mwanaume.

Miluzi si kosa lako wala la suruali yako, aibu ni ya wanaoipiga. Ila gizani peke yako usiende tena. Dar ina vikundi vingi vya jogging vinavyotoka asubuhi za wikiendi. Tafuta chenye wanawake, na uwaulize wao kwanza kama wanaheshimiwa humo. Zanzibar wana Siku ya Mazoezi kila Januari 1, na wanawake hutoka kwa wingi na hijabu zao, barabarani, mchana kweupe. Mtu akiwa na wenzake macho ya watu hayamwelemei.

Mizani nayo iweke kando kwanza, maana uzito hushuka polepole na wengi hukata tamaa hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Hata mama anaweza kuandamana nawe, na akishatembea mwenyewe maneno yatapungua.

Halafu, kabla ya raba mpya, nunua sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri. Maumivu ya matiti huwarudisha wengi nyumbani, nao huona haya kuyasema.