Mwalimu wa Wete, tableti zisubiri

Juzi mwalimu mmoja wa skuli ya maandalizi kule Wete kaniandikia: "Dada, tumepata vijisenti vya chumba cha michezo. Tununue tableti za aina gani?" Namjibu hapa hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyo hiyo, watoto wa visiwani nao wacheze kisasa.

Usinunue tableti. Nunua bodi ya Makey Makey, kibao kidogo cha umeme kinachochomekwa kwenye kompyuta, na foili ya jikoni na nyaya, kisha tumia laptopu iliyopo. Bodi hiyo, iliyobuniwa na Jay Silver na Eric Rosenbaum wa chuo cha MIT cha Marekani, ilitoka mwaka 2012. Mkondo mdogo mno wa umeme ukipita mwilini mwa mtoto, kompyuta inaona kama kitufe kimebonyezwa. Inataka ngozi, mguu wenye kiatu haiusikii. Na kwetu viatu vinabaki mlangoni.

Chumba nilichokimaliza mwezi uliopita hapa mjini Unguja hakina skrini mbele ya watoto. Wanacheza ukuti vile vile wanavyoucheza uani, ila duara limeachwa wazi pahala pamoja: wa mwanzo kashika waya mmoja wa bodi, yule wa mwisho anagusa foili iliyobandikwa ukutani, nayo imeungwa na bodi hiyo hiyo. Papo hapo njuga za msewe, ile ngoma ya Pemba, tulizozirikodi zinalia. Mmoja akiachia mkono, kimya! "Shika! Shika!" Kulikuwa na mtoto mwenye haya, kutwa yuko pembeni. Siku ile duara halikufika ukutani, wenzake wakamfuata wenyewe wakamvuta mkono. Najivunia chumba kile.

Mradi mwingine niliunyimwa. Mwenye fedha alitazama michoro yangu akauliza, "Mbona hamna teknolojia?" Ikatundikwa televisheni. Bado inaniuma, kwa sababu nimewaona wale watoto jamvini, shingo juu, hakuna anayemgusa mwenzake. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kuwa mtoto wa miaka 3 au 4 asikalishwe mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili. Sasa jamani, tunajenga chumba cha michezo ili tuwakalishe kitako? Wazazi wenzangu, tuwaonee huruma.

Mwalimu, kaa uani kwanza utazame wanacheza nini: nage, kibe, mdako. Chagua mchezo mmoja, uutilie sauti au taa, basi. Usiwawekee alama za ushindi. Sheria zao wanazo na wanazigombania vizuri tu. Mikono ikiwa mikavu duara refu huwa halisikiki, kwa hiyo weka kitambaa chenye maji karibu. Wakicheza, laptopu itumie betri, chaja uichomoe. Klipu za nyaya zifungie ndani ya kopo lenye mfuniko, upepo wa bahari unazitia kutu upesi. Ukishaipata bodi niandikie, nitakutumia sauti za njuga bila malipo.