Nguvu ya tano si lazima itafutwe kwa mashine ya kilomita 27

Mdogo wangu, umeuliza kama nguvu mpya ya asili, mbali na graviti (nguvu ya uvutano) na zile tatu nyingine zinazojulikana, inaweza kutafutwa bila ile mashine ya kilomita 27 ya CERN, maabara ya fizikia ya karibu na Geneva, inayogonganisha chembe ndogo sana. Inawezekana, tena kwa kifaa cha kuenea mezani: mizani ya msokoto, inayopima nguvu ndogo kwa jinsi uzi unavyojisokota. Mwanasayansi Mwingereza Cavendish aliitumia tangu 1798.

Kisahani cha metali chenye matundu kinaning'inizwa kwa uzi mwembamba sana. Chini yake kinazungushwa kingine chenye matundu. Yakipishana, cha juu kinavutwa kidogo huku na huku, uzi unajisokota, na mwali wa leza unaopiga kioo kidogo unaonyesha umejisokota kiasi gani. Katikati ya visahani hivyo kuna karatasi ya metali iliyokazwa kama ngozi ya ngoma, umeme usije ukajifanya ndio nguvu mpya. Kwangu mimi, ujanja wote uko kwenye hiyo karatasi.

Umbali ukizidi mara mbili, graviti inatakiwa kubaki robo; isipobaki hivyo, huenda kuna nguvu nyingine. Kikundi cha watafiti cha Eöt-Wash cha Seattle, Marekani, kiliipima hadi mikromita 52, pungufu ya unene wa unywele wa kawaida, na 2020 kikatangaza: hakuna cha ziada. Mwaka 1986 mwanafizikia Fischbach alidhani ameiona nguvu ya tano ndani ya vipimo vya zamani vya Eötvös, mwanafizikia wa Hungaria. Majaribio yaliyofuata hayakumuunga mkono.

Ila usiijenge mizani hiyo hapa Goma. Lori likipita tu, vikombe vyangu vinalia kabatini. Na ile Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, unakumbuka ardhi ilivyotucheza siku nzima nzima?