Kungoja si kosa, lakini masikio yapimwe kwanza

Swali lenu la wiki hii liliuliza kama mzazi ambaye mtoto wake ametimiza miaka miwili bila kusema angoje au atafute msaada. Mama wa Kigamboni aliyelileta anaeleza kwamba mwanawe ana miaka miwili na miezi mitatu, kwamba husema "mama", "baba", "maji" na sauti nyingine chache ambazo yeye na dada wa kazi peke yao ndio wanaozielewa, na kwamba mama mkwe amemwambia asijisumbue kwa kuwa baba wa mtoto naye alichelewa. Mimi nina watoto watatu hapa Tanga, na wa katikati alichelewa kusema. Jibu langu ni kwamba swali limetenganisha mambo mawili yasiyopingana. Mzazi anaweza kungoja, na wengi waliongoja hawakujuta, lakini angoje akiwa amekwisha kumpima mtoto masikio.

Nianze na hoja ya mama mkwe, kwa sababu ndiyo inayosikika katika kila nyumba, na kwa kuwa haikosi ukweli. Kuchelewa kusema huandama baadhi ya koo. Hata hivyo, tukishasema hivyo huwa tunaangalia upande mmoja tu, ule wa baba aliyechelewa kisha akawa msemaji mzuri, tukasahau kwamba katika koo hizohizo hupatikana pia watoto ambao shida yao ya lugha huwafuata hadi darasani. Ndiyo maana mtaalamu akiuliza kama yupo aliyechelewa katika familia, jibu la "ndiyo" humfanya amfuatilie mtoto kwa karibu zaidi. Hoja ya kwamba wavulana huchelewa iko vivyo hivyo: kwa wastani wasichana hutangulia, lakini tofauti yenyewe ni ndogo, wala haitoshi kueleza kwa nini mtoto wa miaka miwili na ushei ana maneno matatu.

Kuhusu idadi ya maneno, kipimo kilichozoeleka ni kwamba mtoto wa miaka miwili awe na maneno kama 50 na awe ameanza kuunganisha mawili, kama "baba njoo" au "maji imekwisha". Mwaka 2022 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilipoipitia upya orodha yake ya hatua za ukuaji, maneno 50 yaliwekwa kwenye miezi 30, kwa sababu waandishi wake walitaka umri ambao angalau robo tatu ya watoto huwa wameifikia hatua hiyo. Mstari wenyewe basi huhama kulingana na anayeuchora na kusudi lake, na mzazi anayekesha akihesabu maneno kwenye daftari anajichosha bure. Matamshi nayo yasimtishe. Mtoto anayejifunza Kiswahili huanza kwa kuangusha viambishi, akasema "taka uji" badala ya "nataka uji", na "gari" kuwa "gali" ni jambo la kawaida kabisa kwa miaka kadhaa.

Ningemshauri mama yule aangalie zaidi kile ambacho mtoto anakielewa na namna anavyowasiliana bila maneno. Je, akiambiwa "lete viatu vya baba", bila mtu kuvitazama wala kuvionyesha kwa mkono, huvileta? Je, huitika jina lake? Je, akimwona paka juu ya ukuta humnyooshea kidole kisha akamgeukia mama kuhakikisha kwamba naye amemwona? Mtoto anayefanya yote hayo ana sehemu kubwa ya lugha tayari, na watoto wa namna hiyo ndio ambao mara nyingi huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Asiyeonyesha kitu kwa kidole, asiyegeuka anapoitwa na asiyetafuta macho ya watu anahitaji kuonwa na daktari bila kuchelewa, kwa kuwa hizo ni miongoni mwa dalili za mapema za usonji. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, awe na umri wowote, apelekwe wiki hiyohiyo.

Sasa masikio. Karibu kila mzazi niliyezungumza naye ameniapia kwamba mwanawe anasikia vizuri, kwa sababu alipogonga sufuria nyuma yake mtoto aligeuka. Sufuria haipimi kitu tunachokitafuta. Mtoto anaweza kuusikia mshindo wa sufuria, honi ya bodaboda na adhana, na bado akazikosa sauti nyembamba kama za s, f na sh katika mazungumzo ya kawaida, hata maneno yakamfikia yakiwa na matobo. Upungufu wa namna hiyo unaweza kuletwa na majimaji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara, bila usaha na mara nyingi bila homa wala maumivu, kiasi kwamba hakuna wa kushuku. Mwanangu alikutwa nayo. Mara nyingi hukauka yenyewe katika miezi michache, lakini yakidumu au yakirudirudi lazima daktari ayashughulikie, maana huu ndio umri ambao mtoto huokota lugha kwa kusikia.

Zipo pia sababu nzito zaidi: homa ya uti wa mgongo, manjano kali baada ya kuzaliwa, rubela aliyoipata mama akiwa mjamzito, na baadhi ya dawa za sindano kama jentamaisini, ambazo huokoa maisha ya vichanga lakini zinaweza kulidhuru sikio la ndani. Mtoto aliyewahi kulazwa kwa mojawapo ya maradhi hayo hafai kungojewa hata kidogo. Kipimo chenyewe hakiumi wala hakimhitaji mtoto ajibu chochote. Kipo cha kuweka kizibo kidogo sikioni, mashine ikatuma sauti na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka ndani ya sikio, na kipo cha kubandika vinasa kichwani mtoto akiwa amelala. Kwa walio na upungufu mkubwa vipo vifaa vya kusikia, na Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vile vya ndani ya sikio tangu 2017. Kadiri mtoto anavyofikishwa mapema ndivyo anavyofaidika, na hali ni hiyohiyo kwa atakayehitaji lugha ya alama, ambayo nayo hujifunzwa vyema zaidi utotoni.

Kuna jambo ambalo sitalipamba. Mzazi akikata tamaa, hatakosa jirani wa kumwelekeza kwa mtu anayekata kimeo au kuchana utando ulio chini ya ulimi. Kimeo hakizuii maneno. Utando wa ulimi, hata ukiwa mfupi kweli, unaweza kuathiri matamshi ya baadhi ya sauti, lakini haumfanyi mtoto akose maneno wala asielewe anachoambiwa. Wembe huleta damu nyingi, vidonda vinavyooza na maambukizi. Anayetaka kusoma dua au kumnywesha mtoto kombe simkatazi, kwa sharti kwamba asiahirishe hospitali kwa ajili hiyo.

Vilevile watu huambiwa waache lugha ya nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Kwetu bibi huzungumza Kisambaa na sisi Kiswahili, na hakuna sababu ya kumnyamazisha bibi, kwa kuwa lugha mbili hazimcheleweshi mtoto ilimradi maneno ya lugha zote mbili yahesabiwe pamoja. Linalonisikitisha zaidi ni wazazi wanaomsemesha mtoto Kiingereza wasichokimudu, wakampa sentensi tatu zilezile za kuamrisha, ilhali kwa Kiswahili wangeweza kumsimulia shughuli nzima ya kupika samaki. Runinga na simu hazijazi pengo hilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili unasema isizidi saa moja kwa siku. Kinachomfaa ni mtu anayetaja kile ambacho mtoto anakitazama, anayelirefusha neno lake, yaani akisema "maji" ajibiwe "unataka maji ya baridi", kisha anayenyamaza kidogo ili naye apate zamu. Kumnyima kikombe mpaka aseme kwanza huleta kilio tu.

Mama wa Kigamboni aende kliniki na kadi ya mtoto, na dada wa kazi afuatane naye, kwa kuwa yeye ndiye anayeshinda na mtoto na ndiye anayezijua zile sauti. Walio na watoto wadogo zaidi watumie ziara ya miezi 18, ya chanjo ya pili ya surua na rubela, ambayo wengi huiruka, kuuliza habari za usemi hata kama muuguzi ameangalia uzito peke yake. Na mama wa Kigamboni akiambiwa amrudishe mtoto atakapotimiza miaka mitatu, aombe kwa adabu, lakini asiondoke bila barua ya rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Msomaji wenu, Tanga